Sifa za Ufundi wa Kuutambua Uyoga wa Mitini

Ufundi wa kuutambua uyoga wa mitini, yaani ule mgumu usio na mguu unaojitokeza ubavuni mwa shina kama rafu, unastahili sifa kubwa kwa sababu humzuia mtazamaji asitaje jina kabla ya kuchunguza. Katika misitu ya miombo ya Nchelenge, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, uyoga laini wa ardhini huchipuka wakati wa mvua na kuoza upesi, ilhali huu wa mitini huweza kudumu hadi kiangazi, ukimngoja yeyote mwenye subira.

Rangi ya juu haitoshi kuwa ushahidi: hata *Pycnoporus sanguineus*, ambao wekundu wake huonekana kwa mbali juu ya magogo yaliyokauka juani, hufifia unapozeeka. Kwa hiyo mtambuzi huugeuza, kwani upande wa chini ndiko zinakotoka spora, chembe ndogo mno ambazo uyoga huzaliana kwazo. Hapo *Schizophyllum commune* huonyesha mikunjo iliyopasuka kwa urefu, ambayo hujikunja hewa ikikauka na kufunguka tena unyevu unaporudi, jambo la kustaajabisha kwa kiumbe kidogo hivyo. Aina nyingine nyingi zina vitundu, navyo huhesabiwa katika kila milimita kwa kioo cha kukuzia. Jamii ya *Ganoderma* humwaga spora za kahawia zinazotanda hata juu ya uyoga wenyewe, na chini ya hadubini kila spora huonekana ina kuta mbili. Nyama ya jamii ya *Phellinus*, yenye rangi ya kutu, hugeuka nyeusi ikidondoshewa haidroksidi ya potasiamu.

Mbao nayo hutoa ushahidi, kwa kuwa uyoga unaokula lignini, dutu inayoupa mti ugumu, huiacha nyeupe na yenye nyuzi, na ule unaokula selulosi huiacha ya kahawia, ikipasuka vipande vya mchemraba.

Leif Ryvarden na Inger Johansen walichapisha mwaka 1980 kitabu kikubwa kuhusu uyoga wa vitundu wa Afrika Mashariki, lakini hakuna kitabu kinachoweza kufidia kilichosahauliwa msituni. Anayekusanya Nchelenge na aandike, kabla ya kuubandua uyoga, kama mti ni mutondo au muputu, ambayo kwa Kibemba ndiyo majina ya *Julbernardia paniculata* na *Brachystegia spiciformis*, na kama ulikuwa hai au umekufa. Habari hizo hazipatikani tena kielelezo kikishafika kabatini.