Kumpima Mlinzi Chipukizi wa Besiboli

Mlinzi wa ndani katika besiboli hupimwa kwanza kwa mipira anayoifikia. Mpigaji mwenye mbio hufika kituo cha kwanza kwa sekunde nne na ushei. Katika muda huo mlinzi husoma mwelekeo wa mpira unaoambaa ardhini, hupiga hatua ya kwanza, huudaka, huutoa kwenye glavu na kuurusha. Akichelewa hatua ile ya kwanza, hata mkono wenye nguvu haumwokoi.

Kipimo kikongwe ni asilimia ya udakaji: matukio aliyomtoa mpinzani au kusaidia kumtoa, yakigawanywa kwa jumla yake pamoja na makosa. Ni hesabu nyepesi yenye dosari kubwa. Mpira asioufikia kabisa hauandikwi popote. Hivyo mzito wa miguu hubaki na rekodi safi, na mwepesi anayeifuata mipira ya mbali hulimbikiziwa makosa.

Katika miaka ya 1970, Mmarekani Bill James alipendekeza kuhesabu wapinzani ambao mlinzi amechangia kuwatoa katika kila mechi. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa mlinzi anayecheza nyuma ya mrushaji wa mipira ya chini hupata kazi nyingi kuliko mwenzake. Vipimo vilivyofuata vikauchunguza kila mpira ulikoelekea na kasi yake, vikauliza walinzi wengine huudaka mara ngapi, kisha vikageuza tofauti hiyo kuwa mikimbio iliyookolewa. Tangu 2015, mtambo wa Statcast hufuatilia mpira na wachezaji katika viwanja vyote vya ligi kuu ya Marekani.

Thamani ya vipimo hivi inaonekana kwa Andrelton Simmons wa Curaçao. Mwaka 2013, msimu wake wa kwanza kamili akiwa na Atlanta Braves, aliandikiwa makosa 14 na asilimia ya udakaji ya 98.1. Derek Jeter wa New York Yankees alikuwa na makosa 6 tu mwaka 2010, akatunukiwa tuzo ya ulinzi bora, Glavu ya Dhahabu. Hata hivyo, hesabu ya mikimbio iliyookolewa ilimweka Jeter chini ya wastani, na Simmons ikampa mikimbio 41. Makosa yake 14 yalikuwa sehemu ndogo ya kazi kubwa.

Kwa kijana, tahadhari ni wajibu. Msimu mmoja una mipira migumu michache mno, na viwanja vya ligi ndogo vina mabonde yanayorusha mpira ovyo. Kosa la kurusha hurekebishika kwa mazoezi kwa urahisi kuliko uzito wa miguu. Kwa hiyo mpimaji makini hukusanya takwimu za misimu miwili au mitatu, hutenganisha makosa ya kudaka na ya kurusha, kisha huenda uwanjani kuitazama miguu. Macho na hesabu vikikubaliana, hukumu inaaminika. Vikipingana, kijana anastahili kutazamwa tena kabla ya kuhamishwa nafasi.