Kubania Kwenye Sensa: Kosa la Canon EOS 6D Mark II

Mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu anayetafuta bodi ya fremu kamili, yaani kamera ambayo sensa yake ina milimita 36 kwa 24 sawa na picha moja ya mkanda wa filamu wa milimita 35, hulipia vitu vingi anavyoweza kuviongeza au kuvibadilisha baadaye na kitu kimoja ambacho hataweza kukigusa mpaka siku atakapoiuza kamera hiyo. Lenzi huongezwa, betri huongezwa, flashi huazimwa, na hata udhaifu wa fokasi mpiga picha huuzoea akaupangia mbinu. Sensa ikishafungwa ndani ya bodi, imefungwa. Kwa sababu hiyo uamuzi wa Canon wa Juni 2017, wa kuitia ndani ya EOS 6D Mark II sensa iliyojengwa kwa utaratibu ambao kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshaanza kuuacha mwaka mmoja kabla, hauwezi kuitwa ubanaji wa gharama wa kawaida. Ulikuwa kosa, tena lililofanywa kwa macho makavu, na wanunuzi wa kamera za mtumba wanaendelea kulilipia.

Utaratibu wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Kila pikseli ya sensa ni mfano wa kisima kidogo kinachokusanya mwanga na kuugeuza kuwa ishara ya umeme, na ishara hiyo haiwi picha mpaka ipite kwenye kigeuzi, yaani saketi inayoibadili kuwa tarakimu. Katika ujenzi wa zamani vigeuzi hivyo vilikuwa vichache na vilikaa nje ya sensa, hivyo ishara dhaifu zilizotoka kwenye mamilioni ya pikseli zilisafirishwa kupitia njia ndefu na kusukumwa kwa kasi kubwa, na humo njiani ziliokota uchafu wa umeme ambao mtazamaji huuona katika sehemu za giza kama chengachenga. Katika ujenzi mpya, ambao Sony iliutangaza kwa jina la Exmor mwaka 2007, kila safu wima ya pikseli hupewa kigeuzi chake palepale kwenye kingo za sensa, safari inafupishwa, na uchafu haupati nafasi ya kuingia. Canon, ambayo hujitengenezea sensa zake, ilichelewa sana kuufuata mkondo huo, lakini mwaka 2016 iliufuata: EOS 80D ya Februari na 5D Mark IV ya Agosti zote zilikuwa na vigeuzi ndani ya sensa. Ndipo 6D Mark II ikaja, ikiwa na megapikseli 26.2 na bei ya dola 1,999 za Marekani, ikarudi kwenye njia ndefu.

Matokeo yake hayakuhitaji darubini. Kipimo kinachohusika huitwa uwanda wa mwanga, nao ni umbali kati ya kiza kizito kabisa na weupe mkali kabisa ambao sensa inaweza kuupokea katika picha moja bila kupoteza maelezo, na huhesabiwa kwa stopu, ambapo stopu moja ni kuongezeka kwa mwanga maradufu. Maabara ya DxOMark ya Ufaransa iliipa 6D Mark II stopu 11.9 kwenye ISO ya chini, yaani usikivu mdogo wa sensa kwa mwanga, wakati 6D ya kwanza, iliyotangazwa Septemba 2012, ilikuwa na 12.1. Miaka mitano ya kazi ilizaa mtoto aliyezidiwa na mzee wake. Aibu kubwa zaidi imo katika ulinganisho na 80D, kamera ya dola 1,199 yenye sensa ndogo ya APS-C, ambayo eneo lake linaingia katika fremu kamili zaidi ya mara mbili na nusu: hiyo ilipata stopu 13.2. Mnunuzi aliyejinyima akapanda ngazi kutoka sensa ndogo kwenda sensa kubwa, akiamini kuwa ukubwa wa eneo ndio unaomletea ubora, aliuziwa katika mwanga mzuri kitu kilichopungua kuliko kile alichokiacha.

Picha moja ya arusi ya Pwani inatosha kuonyesha maana ya tarakimu hizo. Ni saa saba mchana. Bwana arusi amesimama kizingitini, kanzu yake imepigwa na jua la wima, na nyuma yake, ndani ya chumba kisichowashwa taa, wameketi wanawake waliovaa mabuibui meusi. Mpiga picha anayeijua kazi yake huupima mwanga kwa kanzu, kwa kuwa weupe ukishaungua, yaani visima vya pikseli vikishajaa hadi pomoni, darizi za shingoni hupotea na hakuna programu itakayozirudisha. Kisha akifika mezani hulifungua faili la RAW, ambalo ni data ghafi ya sensa kabla haijapikwa kuwa JPEG, na kuinua sehemu za giza kwa stopu tatu, sawa na kuuzidisha mwanga wake mara nane. Kwenye faili la mshindani wake, Nikon D750, buibui hutoka jeusi, likiwa na mikunjo na urembo wa mikononi. Kwenye faili la 6D Mark II weusi huo hutoka na chengachenga za rangi zisizokuwamo chumbani, na nyuso za wale wanawake, ambazo ndizo familia itakazozitafuta kwanza ikiletewa albamu, huwa kama zimenyunyiziwa mchanga.

Watetezi wa kamera hii wamezoea kujibu kwamba mpiga picha mzuri hatumii programu kurekebisha mwanga bali huwasha flashi. Jibu hilo lingekuwa na uzito zaidi kama bodi yenyewe isingekuwa na shata ambayo kasi yake ya juu inayooana na flashi ni 1/180 ya sekunde tu, kasi ambayo kwa ISO 100 katika jua la saa saba huilazimisha lenzi ifungwe hadi takriban f/11, na katika f/11 flashi ndogo ya juu ya kamera hufika kizingitini ikiwa imeshachoka. Watetezi haohao wana hoja nyingine iliyo nzuri zaidi, nayo ni kwamba ISO ikipanda hadi 1600 na kuendelea tofauti hiyo hutoweka. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba katika ISO kubwa ishara hukuzwa kabla ya kuanza safari, hivyo uchafu wa njiani huwa mdogo ukilinganishwa nayo. Mpiga picha wa kumbi za usiku peke yake basi anaweza kuishi na kamera hii bila kulalamika, ingawa huyo naye alikuwa ameshatoshelezwa na 6D ya 2012, na kwa fedha kidogo zaidi.

Kwa nini uamuzi huo ulifanywa, Canon ndiyo inayojua. Tafsiri ya safu hii ni kwamba 5D Mark IV, iliyouzwa dola 3,499 na kupimwa stopu 13.6, ilikuwa ikilindwa dhidi ya mdogo wake. Dalili zake zimo katika vitu vilivyochukuliwa kutoka 80D na vilivyoachwa. Kilichochukuliwa ni muundo wa nukta 45 za fokasi, ambao ulienea vizuri kwenye sensa ndogo lakini kwenye fremu kamili ukawa umesongamana katikati kama abiria wa daladala, hata jicho la mtu aliyewekwa theluthi ya pembeni halifikiwi. Kilichoachwa ni vigeuzi vya ndani ya sensa. Mkono wa birika uliacha kilichonona ukabeba mifupa. Video ya 4K nayo haikuwekwa, na nafasi ya kadi ilikuwa moja, jambo ambalo safu hii haitachoka kulikemea kwa kuwa arusi hairudiwi kadi ikiharibika.

Hata hivyo si kila kitu katika 6D Mark II kilikuwa kibovu: kioo cha nyuma kinachogeuka kila upande, mfumo wa Dual Pixel unaopima fokasi kwenye sensa yenyewe, na betri ya kupiga picha 1,200 vilikuwa kazi safi.

Ubanaji wa gharama si dhambi, na historia ya Canon yenyewe ndiyo shahidi mkuu. EOS 5D ya Agosti 2005 ilikuja wakati fremu kamili ya kampuni hiyo ilikuwa mali ya familia ya 1Ds, iliyoanza mwaka 2002 kwa bei ya dola 7,999, na ikashusha gharama hadi dola 3,299 kwa kunyofoa takriban kila kitu kisichokuwa sensa: haikuwa na ngozi nzito ya kuzuia maji, haikujisafisha vumbi, haikupiga mfululizo zaidi ya picha tatu kwa sekunde, na kioo chake cha ndani katika baadhi ya bodi kilikuja kubanduka gundi hata Canon ikalazimika kukitengeneza bure. Sensa yake ya megapikseli 12.8, hata hivyo, haikuwa sensa ya mtu maskini, na ndiyo sababu picha zake za watu bado zinasifiwa na wanaoziona leo. 6D ya 2012 ilifuata njia hiyohiyo: nukta 11 za fokasi ni umaskini wa wazi, lakini ile ya katikati ilifanya kazi katika giza la EV -3, mwanga wa mbalamwezi, na sensa haikuwa duni kuliko ya 5D Mark III iliyouzwa bei ya juu. Wahandisi wa bodi hizo mbili walijua mahali pa kukata.

Washindani walijua pia. D750 ya Septemba 2014, ambayo nayo ilikuwa na visa vyake vya shata vilivyoilazimu Nikon kutoa tangazo la matengenezo, ilitoa stopu 14.5, nukta 51 za fokasi na nafasi mbili za kadi kwa dola 2,299, karibu miaka mitatu kabla ya 6D Mark II. Februari 2018, miezi minane tu baada ya Canon kutangaza yake, Sony A7 III ilitua kwa dola 1,999 zilezile ikiwa na stopu 14.7, yaani karibu stopu tatu zaidi, pamoja na sensa inayotulizwa isitikisike, 4K ya upana wote wa sensa na nafasi mbili za kadi. Baada ya siku hiyo hapakuwa na hesabu ya mnunuzi mpya asiye na lenzi iliyoweza kuielekea Canon, isipokuwa hesabu ya mapenzi.

Ajabu ni kwamba funzo hilo halikufika kwa waliolihitaji. Februari 2019 Canon ilitoa EOS RP, kamera isiyo na kioo cha ndani cha kuakisi na hivyo nyepesi, gramu 485 pamoja na betri na kadi, kwa dola 1,299 ambazo kwa bodi mpya ya fremu kamili zilikuwa bei ya kupigiwa makofi. Ndani yake ilikuwamo sensa ya megapikseli 26.2 ya ukoo uleule, ikiambatana na betri ndogo ya picha 250 na 4K iliyokatwa pembeni hadi lenzi pana ikawa si pana tena. Kwa kulinganisha, Nikon Z5 ya Julai 2020, ya dola 1,399, ilibania kasi, ikaishia picha 4.5 kwa sekunde, lakini ikaacha sensa nzuri, utulizaji wa mtikisiko na nafasi mbili za kadi. Hivyo ndivyo bodi ya bei nafuu inavyopaswa kukatwa: mpiga picha wa watu au wa mandhari hahisi upungufu wa kasi hiyo hata siku moja kwa mwaka.

Katika soko la mtumba, ambalo ndilo soko halisi la mwenye bajeti ndogo, 6D Mark II huuzwa ghali kuliko 6D kwa sababu ya umri na ile namba mbili ya Kirumi, na ziada hiyo ingemtosha mnunuzi kupata EF 50mm f/1.8 STM ambayo ingebadilisha picha zake kuliko kioo kinachogeuka. Mwenye lenzi za Canon tayari ana udhuru wa kubaki nyumbani, lakini na aitazame 6D ya kwanza kabla ya kuongeza fedha. Asiye na lenzi yoyote hana udhuru, na D750 yenye shata iliyokadiriwa kuhimili mibofyo 150,000, dhidi ya 100,000 ya 6D zote mbili, ndiyo ya kuulizwa kwanza, mradi muuzaji aonyeshe hesabu ya shata, yaani idadi ya mara ilizofunguka, na tangazo lile la matengenezo liwe limeshatekelezwa kama bodi hiyo ilihusika.

Canon yenyewe hatimaye ililikubali somo kwa vitendo. EOS R8 ya mwaka 2023, kwa dola 1,499, ilipewa sensa ya megapikseli 24.2 ya kaka yake R6 Mark II wa dola 2,499, bila kupunguzwa chochote, na vilivyokatwa safari hii ni utulizaji wa mtikisiko na ukubwa wa betri, ambayo ni ileile ndogo ya RP. Nafasi ya kadi bado ni moja.