Masta Inavuja, Magurudumu Yanafunguliwa

Chupa ile ya mafuta ya breki haikupaswa kuguswa. Mliotazama video ya Hilux kuukuu inayozunguka kwenye simu za madereva mnaijua dakika ninayoisema. Magurudumu yote manne yameshavuliwa. Wili silinda za nyuma kavu, kalipa za mbele kavu, paipu na mipira haina hata jasho. Dereva ameeleza tangu mwanzo kwamba kila wiki anaongeza mafuta kwenye kikopo. Fundi anainuka, anafuta mikono, anajaza kikopo, kisha anamwita kijana wake: "Dogo, panda upampu. Kuna upepo."

Kazi iliharibikia hapo. Upepo haupunguzi mafuta. Breki ni mfumo uliofungwa, na zaidi ya kile kidogo kinachoshuka kadiri pedi zinavyolika, kikopo hakina sababu ya kupungua. Kikipungua kila wiki, mafuta yana mahali yanapokwenda. Fundi alikuwa ameshathibitisha kwa macho yake kwamba hayaendi magurudumuni wala hayatoki kwenye paipu. Ilibaki njia moja tu: nyuma ya masta, ndani ya busta.

Raba ya nyuma ya pistoni ikichoka, mafuta hupenya na kuingia ndani ya busta, na busta huyameza kimya kimya bila tone kuanguka sakafuni. Dalili ya nje ni ndogo lakini haidanganyi: mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo busta hubabuka pale chini ya mdomo wa masta. Itazameni tena video ile. Kamera inapita juu ya busta, na rangi imebabuka hadi bati linaonekana. Fundi anaegemea palepale huku akimimina mafuta.

Kilichotakiwa kilikuwa kulegeza nati zinazoishika masta kwenye busta, kuivuta mbele kidogo bila kufungua paipu, kisha kupitisha kitambaa kisafi mdomoni mwa busta. Kikitoka kimelowa, shauri limekwisha. Kwenye injini ya petroli ungeweza hata kuona moshi mweupe, maana injini huyavuta mafuta hayo kupitia mpira wa vakyumu. Lakini hii ni dizeli ya 2L, yenye pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta. Anayengoja moshi kwenye dizeli ya namna hii atangoja mpaka mpira wa ndani wa busta uoze, pedali iwe ngumu kama jiwe, na bili iwe ya masta na busta pamoja.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Kijana yule aliikanyaga pedali mpaka sakafuni, tena na tena. Ndani ya masta kuukuu, raba hutembea kila siku kwenye sehemu ileile ya silinda, na sehemu hiyo hubaki laini. Mbele yake kuna kutu na uchafu wa miaka. Ukiipeleka raba huko kwa nguvu, midomo yake huchanika. Masta iliyoingia gereji ikivuja kwa nyuma huweza kutoka ikiwa inapitisha na kwa ndani pia. Kipande cha mbao chini ya pedali kingetosha kuzuia hayo.

Kupitisha kwa ndani ni ugonjwa mwingine, na wengi wanauchanganya na huu. Zima injini, pampu mpaka nguvu ya busta iishe, kisha kanyaga taratibu na ushikilie. Pedali ikizama huku nje hakuna uvujaji, raba za ndani zinapitisha. Mafuta hurudi kikoponi, wala hayapungui. Fundi hakupima hili wala lile. Aliona pedali imepanda, akaridhika.

Kunyanyua gari, kuweka stendi, kusafisha ngoma na kurekebisha brekishu alifanya vizuri.

Nimeshaandika mara nyingi kuhusu chupa zilizofunguliwa, nami narudia, kwa sababu ile ya kwenye video ilikuwa nusu na kifuniko kimelegea. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Kiwango cha DOT 3 hudai yachemke si chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hicho kinashuka hadi 140. Na maji hayo ndiyo yanayochimba vishimo ndani ya masta, mpaka kubadilisha raba peke yake kunakuwa kazi bure na inabidi masta nzima itupwe.

Dereva wa mbio za magari Joginder Singh alianza kwa kushika spana katika gereji ya baba yake kabla hajashinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Kizazi kile cha mafundi, wa Land Rover na Peugeot 404, kilikuwa na adabu moja ambayo sasa inapotea: kwanza unayafuata mafuta yalikokwenda, ndipo unagusa chupa. Hawakuwa na vifaa vingi kuliko fundi wa leo. Waliuliza swali kwa mpangilio, na jibu likija walilisikiliza.

Mwenye Hilux ile, kama unasoma hapa: usiishushe mteremko wa Kitonga na mzigo. Irudishe, simama karibu na fundi, na umwambie avute masta mbele yako.