Wimbo Mmoja, Familia Nne: Britten Alivyowafundisha Watoto Okestra

Mwishoni mwa mwaka 1945 mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, aliyekuwa na umri wa miaka 32, alikamilisha kazi aliyoombwa kwa ajili ya filamu ya Wizara ya Elimu ya nchi yake. Filamu hiyo ilikusudiwa kuwaonyesha wanafunzi vyombo vya okestra. Muziki wake ulipigwa na London Symphony Orchestra chini ya Malcolm Sargent, na Sargent huyohuyo akauongoza jukwaani mjini Liverpool tarehe 15 Oktoba 1946, kabla filamu haijaonyeshwa. Unaitwa The Young Person's Guide to the Orchestra na huchukua takriban dakika 17. Sijasikia somo la vyombo vya muziki lililopangwa vizuri kuliko hilo, na siri yake iko kwenye mpangilio.

Kwanza, wimbo wenyewe. Britten hakutunga mpya. Alichukua wimbo mfupi wa Henry Purcell, mtunzi aliyefariki mwaka 1695, kutoka muziki alioutunga kwa ajili ya Abdelazer, tamthilia ya Aphra Behn. Una mapigo matatu na unaanza kwa kupanda ngazi za re maina. Mwanakwaya aliyezoea solfa ataziimba la, do, mi. Mtoto akiusikia mara moja unamkaa kichwani, na bila hilo somo lote lingeanguka, kwa sababu kila kinachofuata kinamtaka msikilizaji autambue wimbo huo ukiwa umevaa sauti nyingine.

Wimbo hupigwa mara sita. Mara ya kwanza ni okestra nzima. Kisha huja familia moja moja: vyombo vya mbao vinavyopulizwa, yaani fluti, oboe, klarineti na basuni, vya shaba, yaani honi za Kifaransa, tarumbeta, tromboni na tuba, vya nyuzi, kuanzia fidla hadi besi, na vya kugongwa. Mara ya sita okestra nzima inarudi. Ufunguo hubadilika njiani, lakini umbo la wimbo linabaki lilelile, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mwalimu anayepiga wimbo huu kwa fluti na wimbo mwingine kwa tarumbeta hamwachii mtoto njia ya kujua tofauti anayoisikia imetoka kwenye chombo au kwenye wimbo. Britten ameshikilia wimbo, akaacha rangi ya sauti ndiyo ibadilike zaidi. Mtoto anajifunza rangi ya sauti kabla hajaambiwa kwamba kuna kitu kinachoitwa hivyo.

Zamu ya vyombo vya kugongwa ndiyo inayonivutia zaidi. Ngoma nyingi za okestra, matoazi na pembetatu haziwezi kuimba la, do, mi. Kwa hiyo familia hii inapewa mdundo wa wimbo, na lahani yenyewe inaondoka. Mtoto aliyekwisha kuusikia wimbo mara nne anautambua bado! Kwa sekunde chache amefundishwa kwamba wimbo una mifupa miwili, mwendo wa sauti kupanda na kushuka na mwendo wa muda, na kwamba mmoja unaweza kusimama bila mwingine. Nimeona vitabu vikitumia kurasa nyingi kueleza jambo hilo na mwanafunzi asilielewe.

Baada ya hapo familia zinafumuliwa kwa mageuzi 13 ya wimbo huo, kila chombo na zamu yake. Mbao na nyuzi zinashuka kutoka sauti nyembamba hadi nzito, ingawa kwenye shaba honi zinatangulia tarumbeta. Sikiliza pia wanaosindikiza. Klarineti zinaporuka juu na chini, tuba na nyuzi za kudonolewa ndizo zinazozishikia mapigo. Vyombo vya kugongwa vinapopata zamu yao, nyuzi zinasindikiza. Msindikizaji mara nyingi hutoka familia nyingine, ili sauti inayofundishwa isimezwe na ndugu zake.

Mwisho ni fyugi ya kasi, ambamo lahani moja inaigwa na chombo kimoja baada ya kingine. Pikolo, yaani fluti ndogo, inaanza peke yake, wengine wanaingia kwa mpangilio uleule wa mageuzi, hadi okestra iliyofumuliwa imeshonwa tena. Juu ya msukosuko huo shaba zinaurudisha wimbo wa Purcell kwa noti ndefu, sasa katika re meja. Anayetaka kumwelezea mtoto tofauti ya maina na meja amsikilizishe hapo, mara tu baada ya kumrudishia mwanzo.

Kasoro ninayoiona ni ya mgawanyo wenyewe, ambao Britten aliurithi. Fluti ya leo ni ya madini lakini imo kwenye mbao. Saksafoni pia ni ya shaba na huhesabiwa huko kwa sababu ya ulimi wake wa tete. Kwetu mgawanyo huo unabana zaidi, kwa kuwa unaweka ngoma na kayamba kapu moja. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walichapisha mgawanyo unaouliza swali moja: ni kitu gani kinachotetemeka? Ni mwili wa chombo wenyewe, kama marimba na kayamba? Ngozi, kama ngoma? Uzi, kama zeze, udi na kanuni? Au ni hewa, kama filimbi, zumari na siwa? Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulijibu swali hilo kwa kukishika chombo mkononi, na anaweza kugundua mwenyewe kwamba zumari na oboe zote zina tete mbili.

Mwalimu mwenzangu, mbinu hii ya Britten haidai okestra. Chagua wimbo mmoja ambao darasa zima linaujua. Uimbwe, upigwe kwa filimbi, upigwe kwa zeze au gitaa, kisha mdundo wake peke yake upigwe kwa ngoma huku watoto wamefumba macho. Usibadilishe wimbo hadi waweze kukutajia kila chombo bila kukiona. Majina ya familia yafuate baadaye.