Muthoni na Nyumba Mbili

Msomaji, ukishika barabara itokayo Nairobi kwenda Thika utavuka mito kadhaa kabla ya kufika. Utavuka mto Ruiru karibu na mji wenye jina hilohilo. Utapita Juja, uvuke Ndarugu. Na mlangoni mwa Thika utaukuta mto Chania ukiporomoka mwambani. Mito hii yashuka kutoka nchi ya juu upande wa machweo. Kati ya mto na mto umesimama mgongo wa kilima, na juu ya kila mgongo kuna mashamba, shule na kanisa. Aghalabu makanisa mawili au matatu, kila moja na jina lake na mchungaji wake. Nakutajia mambo haya kwa sababu nataka tusome pamoja kitabu ambacho hakimo katika ramani hiyo, walakini kisa chake kina ndugu wa kweli katika migongo hiyo ya vilima.

Kitabu chenyewe ni Njia Panda cha Ngũgĩ wa Thiong'o, ambacho kwa Kiingereza kilitolewa mwaka 1965 kwa jina la The River Between. Humo mna migongo miwili ya kubuniwa, Kameno na Makuyu, na mto Honia kati yake. (Iko Makuyu nyingine, mji ulio mbele ya Thika, majina yamefanana tu.) Kameno washika mila ya wazee, Makuyu kuna Wakristo, na kiongozi wao ni Joshua. Joshua ana binti wawili, Nyambura na Muthoni. Muthoni, aliyebatizwa na kulelewa katika maombi, anakata shauri kwenda kutahiriwa kama wasichana wengine wa kabila lake, na papo hapo akataka kubaki Mkristo. Anatoroka kwa shangazi yake, anatahiriwa, jeraha halifungi, anapelekwa hospitali ya misheni ya Siriana, na huko anakufa. Kabla ya kufa alimwagiza kijana Waiyaki ampelekee dada yake habari kwamba amemwona Yesu, na kwamba amekuwa mwanamke kwa desturi ya watu wake.

Wasomaji wengi husema kwamba hapa pana mtu wa imani na mtu wa dini: Muthoni ana imani yake mwenyewe, na baba yake ana dini ya kukopa. Maneno hayo si uongo, lakini ni mepesi mno. Tuyapime.

Tumtazame Joshua kwanza. Katika ujana wake aliwakimbia watu wake akapata kimbilio Siriana, na uwezo wa mzungu ukamstaajabisha. Tangu hapo hakuna neno la Mungu linalomfikia bila kupitia Siriana. Lililokatazwa na misheni, kwake limekatazwa na mbingu. Habari za kufa kwa Muthoni zilipomfikia hakutoa chozi, kwa kuwa moyoni mwake binti huyo alikuwa amekwisha kufa siku ile alipokwenda Kameno. Jambo moja lafaa kuangaliwa kwa makini zaidi ya mengine yote. Joshua humwomba Mungu msamaha kwa kuwa alioa mwanamke aliyetahiriwa. Yaani mkewe Miriamu, aliyetahiriwa zamani kabla hajasikia habari za injili, aliyemzalia watoto na kumtii miaka yote, amekuwa dhambi ya mumewe. Toba ya namna hii ni ya ajabu: mtu analia juu ya mwili wa mwingine. Ngũgĩ ameandika mambo hayo kwa maneno machache, na kwa maoni yangu ndiyo maneno makali kuliko yote aliyoandika juu ya Joshua katika kitabu hiki.

Sasa Muthoni. Swali alilomwuliza dada yake kando ya mto ni jepesi kama la mtoto: Baba na mama wametahiriwa, je, wao si Wakristo? Joshua hangeweza kulijibu, na wala hakuulizwa. Lakini, msomaji, usiende mbio kumvika Muthoni taji. Alitoka katika nyumba ya baba yake akaenda wapi? Alikwenda katika nyumba ya shangazi yake, akajitia chini ya amri ya mila kama vile baba yake alivyojitia chini ya amri ya Siriana. Misheni ilisema hakuna Mkristo aliyetahiriwa. Mila ilisema hakuna mwanamke asiyetahiriwa. Muthoni aliliasi neno la kwanza, akalikubali la pili bila kuliuliza hata swali moja, na hilo la pili ndilo lililomwua. Mwandishi hakulificha jeraha lake, nasi tusilifiche. Desturi hiyo, ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaiita ukeketaji na kuipiga marufuku, imewatesa wasichana wengi wasioandikwa vitabuni. Kwa hiyo kilicho mali ya Muthoni mwenyewe si kisu wala si ubatizo. Mali yake ni lile shauri la kushika vyote viwili kwa mkono mmoja, bila kuruhusiwa na mtu yeyote. Hapo ndipo imani yake ilipo, na hapo ndipo kosa la kitabu linapoanza.

Ili ulione kosa hilo, turudi katika migongo yetu ya kweli. Juu ya Ruiru, mahali paitwapo Kambui, palikuwa na misheni ndogo ya Wamarekani, Gospel Missionary Society, na tawi lake lilikuwa Ng'enda, upande wa Gatundu. Mwaka 1929 misheni hiyo, pamoja na Waskoti wa Thogoto na African Inland Mission ya Kijabe, ziliwataka Wakristo wao waape kuiacha tohara ya wasichana. Aliyekubali alitia alama ya kidole gumba, na kutokana na alama hiyo kiapo chenyewe kikaitwa kirore. Waliokataa walitengwa na ushirika, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Wakati huohuo mapadre wa Kikatoliki, waliokuwa Mang'u si mbali na Thika, hawakuwataka waumini wao watie kidole. Hebu fikiri jambo hili. Mkristo aliyekuwa mwasi juu ya kilima kimoja angeweza kuwa mshiriki mwema juu ya kilima cha pili, na kati yao ni mwendo wa miguu. Aliyeyaona hayo kwa macho yake hakukosa kuuliza kama sheria ile ilitoka kwa Mungu au kwa ofisi.

Tena watu hao walikuwa na kitabu mikononi. Agano Jipya lilikuwa limetolewa kwa Kikuyu mwaka 1926, miaka mitatu tu kabla ya kirore. Wasomaji wakalipekua wakitafuta mahali palipokatazwa jambo hilo. Wakaona kwamba Mariamu, mama yake Yesu, ameitwa humo muiritu. Na kwa Kikuyu muiritu si msichana yeyote tu, bali ni msichana aliyekwisha kutahiriwa. Wafasiri walitafuta neno la bikira wakaliokota lililokuwa karibu; wasomaji wakalitumia kama hoja. Hoja yenyewe ni dhaifu, kwa sababu neno la mfasiri haliwezi kuwa ushahidi wa mambo ya Nazareti. Lakini jambo kubwa si hoja, ni tendo: mkulima aliyefundishwa kusoma na misheni anasimama mbele ya misheni na kusema, Nionyeshe palipoandikwa. Swali hilo ni ndugu wa swali la Muthoni, nalo liliulizwa na maelfu.

Je, walioliuliza walikufa kama Muthoni? La, waliishi, na kuishi kukawalazimu kujenga. Walijenga shule zao wenyewe, vyama vyao vya kuziendesha, na makanisa yao. Kisha wakaona hawana mtu wa kubatiza watoto wala kugawa meza ya Bwana. Wakafanya nini? Wakatafuta askofu! Mwaka 1935 alifika Daniel William Alexander, askofu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini, akawafundisha wanafunzi huko Gituamba katika nchi ya Murang'a, na mwaka 1937 wakapata makasisi wao. Punde si punde wakagawanyika, hawa wakawa kanisa hili na wale kanisa lile. Watu waliotoka katika nyumba ya wengine kwa ajili ya dhamiri zao walikuwa sasa na milango yao ya kufunga na kufungua.

Hata walioikataa kila ofisi hawakuepuka jambo hili. Katika miaka hiyohiyo walitokea watu wa maombi walioitwa Arathi, yaani manabii, na baadaye Akurinu. Mmoja wa waanzilishi wao, Joseph Ng'ang'a, husimuliwa kwamba alijitenga muda mrefu akisali na kusoma Biblia peke yake. Hawakutaka kanisa la mzungu, wala dawa zake, wala vitu vyake. Mwezi wa Februari 1934 askari polisi waliwakuta katika msitu wa Ndarugu, na Joseph Ng'ang'a aliuawa kwa risasi pamoja na wenzake wawili. Jina la mto ule ule unaouvuka ukienda Thika! Lakini leo ukisimama Jumapili katika mitaa ya Thika au Ruiru utawaona Akurinu na vilemba vyao vyeupe wakienda ibadani, kila kundi katika kanisa lake, na makundi hayo ni mengi, yana maaskofu na kanuni na hati za kuandikishwa serikalini. Sisemi hayo kwa dhihaka. Mtu aliyesikia sauti akiwa peke yake msituni atataka mwanawe naye aisikie, na mtoto hawezi kurithi msitu. Hurithi wimbo, kilemba, siku ya ibada na kiti cha kukalia.

Wala tusiwasahau waliobaki. Huko Kambui alikuwako Wanyoike Kamawe, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa misheni ile, akawa mchungaji, na hakuondoka wenzake wengi walipoondoka. Maisha yake yaliandikwa na E. N. Wanyoike katika kitabu An African Pastor, kilichotolewa mwaka 1974. Msomaji aliyezoea Joshua peke yake hudhani kwamba kila aliyebaki katika misheni alibaki kwa woga au kwa faida. Ni kumdhulumu mtu. Kubaki katika nyumba inayochukiwa na majirani zako wote kwahitaji moyo pia.

Sasa waweza kuona kosa ninalolisema. Ngũgĩ amempa Muthoni swali kubwa kuliko yote ya kitabu, halafu akamwua kabla swali halijapata siku hata moja ya kazi. Hatumwoni Muthoni akirudi Makuyu Jumapili. Hatumwoni akisimama mlangoni pa kanisa la baba yake, wala akitafuta mtu wa kumzika mtoto wake au kumbariki. Imani yake ni kama umeme wa mvua: waangaza bonde lote, kisha giza. Wenzake wa Kambui na Ng'enda hawakupewa urahisi huo. Wao walihitaji kuamka kesho yake, na kesho kutwa, wakiwa wamefukuzwa. Kifo cha Muthoni chamwondolea mwandishi kazi ngumu ya kutuonyesha jinsi mtu anavyoishi kwa imani ambayo haina nyumba.

Naona yeye mwenyewe aliijua kazi hiyo, kwa maana aliianza mahali pengine. Msome tena Nyambura. Dada huyu hakutoroka. Alibaki kwa baba yake, akaendelea kwenda kanisani, lakini kila siku maneno ya baba yake yalizidi kuwa matupu masikioni mwake. Akaanza kushuka peke yake kwenye mto Honia kusali, si Makuyu wala Kameno, bali pale katikati. Polepole akatambua kwamba dini isiyo na upendo si ile aliyoifia Muthoni. Hakuongozwa na mchungaji wala mzee wa kiama. Na siku ilipofika, alimshika Waiyaki mkono mbele ya baba yake na mbele ya watu, akakanwa. Wasomaji humsifu Muthoni kwa kuwa alikufa. Mimi namweka Nyambura juu yake, kwa kuwa alifikiri kwa muda mrefu, akalipa gharama akiwa hai. Kwa bahati mbaya kitabu chakaribia kwisha, mwandishi anamtazama Waiyaki na siasa zake, na Nyambura anatiwa mikononi mwa kiama pamoja na mpenzi wake, hukumu yao isijulikane. Kurasa kumi zaidi juu ya msichana huyu zingetosha kukifanya kitabu kizuri kuwa kitabu kikubwa.

Yamkini kijana aliyekiandika hakuwa bado na jibu. Alikianza alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, naye alikuwa amelelewa na shule za misheni na za karing'a zote mbili. Mwezi wa Machi 1970 alialikwa kusema mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, kanisa ambalo Wakristo wa Kambui walikuwa wamekwisha kuungana na wenzao ndani yake. Akawaambia wazi kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama kwa hasira akitikisa fimbo yake, akamjibu kuwa ni Mkristo, na ushahidi ni jina lake. Si muda mrefu baadaye mwandishi akaliacha jina hilo, na hakulirudia mpaka alipofariki mwezi wa Mei 2025. Lakini ukiipata nakala ya mwaka 1965 utaliona bado juu ya jalada: James Ngugi.