Diski Kubwa Katika Kompyuta Kongwe

Mtu afungapo diski ya GB 160 katika kompyuta iliyoundwa mwaka 1999, kisha akaiona kompyuta hiyo ama inakiri GB 33 tu, ama inaganda papo hapo inapoanza kuvitambua vifaa vyake, aghalabu hudhani kwamba diski ni mbovu au kwamba amepunjwa dukani. Walakini diski haina ila, na kila baiti iliyotajwa juu ya lebo yake imo. Kilichopungua ni nafasi ya kuandikia tarakimu. Baina ya bamba la sumaku na mtumiaji mna matabaka kadhaa ya hesabu, yaani saketi za diski yenyewe, BIOS, mfumo endeshi na jedwali la patisheni, na kila tabaka lilipewa na waliolibuni biti maalumu za kuandikia namba za sekta. Kuiwezesha kompyuta kongwe kuitambua diski nzima ni kulitafuta tabaka lenye biti haba, na, lililo zito zaidi, kupata yakini kwamba matabaka yote yanaafikiana. Nasema ni zito zaidi kwa kuwa kompyuta inayokiri pungufu humnyima mwenyewe nafasi, bali ile inayokiri kamili ilhali tabaka lake moja halina uwezo huo, humpotezea alichokwisha kuhifadhi.

Mfano ulio wazi ni ukomo wa MB 528 uliowasumbua watu katika miaka ya mwanzo ya 1990. BIOS iliyorithiwa kutoka kompyuta za IBM ilitaja mahali palipo na data kwa hesabu tatu: silinda, iliyopewa biti 10, kichwa, biti 8, na sekta, biti 6, hivyo ilimudu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63, ambazo kwa jumla ni takriban GB 8.4. Kanuni za ATA, zilizotawala diski, nazo zilitumia hesabu zizo hizo tatu lakini kwa mgawanyo mwingine, biti 16 kwa silinda, 4 kwa kichwa na 8 kwa sekta, na zingeweza kufika karibu GB 136.9. Kila upande, ukiutazama peke yake, ulikuwa na wasaa wa kutosha miaka mingi. Lakini zilipokutana, kila hesabu ililazimika kufuata iliyo ndogo, silinda 1,024 za BIOS, vichwa 16 vya ATA na sekta 63 za BIOS, nazo zikizidishwa kwa baiti 512 za kila sekta hutoa baiti 528,482,304 na si zaidi. Fundi aliyechunguza upande mmoja tu hakuona kosa lolote, maana halikuwako huko.

Tiba iliyofuata ilikuwa kuziacha hesabu tatu na kuzipa sekta namba moja mfululizo kuanzia sifuri, utaratibu uitwao LBA. Diski ilipokea namba hiyo kwa vipande: biti 8 katika rejista ya sekta, 8 na 8 katika rejista mbili za silinda, na 4 katika rejista ya kichwa, jumla biti 28, kwa hiyo sekta ya mwisho iwezayo kutajwa ni namba 268,435,455, na ukomo ni baiti 137,438,953,472. Diski za GB 160 zilipotokea mwaka 2001, kanuni mpya za ATA-6 ziliuvuka mpaka huo kwa njia ninayoistahi kwa wepesi wake. Rejista hazikuongezwa, tatu kati yake ziliandikwa mara mbili, kwanza sehemu ya juu ya namba, kisha ya chini, na biti zikawa 48. Ili diski isichanganye utaratibu wa zamani na mpya, amri nazo zilibadilishwa, hata ile ya kusoma iliyokuwa C8 ikapata mwenzake, 25. Programu isiyoijua amri 25 haina namna ya kuifikia sekta ya mbali, hata diski ikiwa tayari kuitoa.

Kompyuta ninayoieleza hapa ilikuwa ya Pentium III, BIOS yake ya mwaka 1999, na ilitakiwa kuhifadhi sauti zilizohamishwa kutoka kanda za kaseti za jumuiya moja isiyokuwa na fedha za kununua kompyuta nyingine. Diski ilikuwa na sekta 312,581,808. BIOS ile, isiyojua hesabu ya biti 48, ilisoma kutoka kwa diski namba kubwa kuliko zote inayoimudu, 268,435,455, ikaigawanya kwa 1,008, yaani vichwa 16 mara sekta 63, ikapata silinda 266,305, ambazo haikuweza kuziandika mahali palipotengewa zisizozidi 65,535. Ikaganda. Jampa iliyo nyuma ya diski huifanya diski ijidai kuwa na GB 33 ili BIOS ipite salama, na wengi hutosheka hapo. Sikuona busara kutupa sehemu nne kwa tano za diski kwa ajili ya tabaka ambalo kazi yake huisha mara tu kompyuta inapowaka.

Njia iliyofuatwa ilikuwa kuinyima BIOS nafasi ya kuuliza. Diski ndogo ya zamani iliachwa mahali pake, ikiwa na Linux yenye kiini cha 2.6, ili kompyuta iwake kutoka kwayo. Diski kubwa ikafungwa katika waya wa pili, na katika mipangilio ya BIOS sehemu yake ikaandikwa kuwa haina kitu. Kiini cha Linux hakitegemei maelezo ya BIOS, bali huihoji diski chenyewe, na katika taarifa zake za kuwaka mstari ulitokea: hdc, sekta 312581808, MB 160041. Baadhi ya programu zilionyesha 149, na hilo lisimtie mtu wasiwasi, kwani waundaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, na programu hizo huihesabu kuwa 1,073,741,824; hakuna nakisi.

Hapo wengi husimama, nami naona hapo ndipo hadhari ianzie. Tabaka likizitupa biti zinazozidi 28, sekta namba 268,435,456 hugeuka kuwa sekta sifuri, kama saa ya ukutani inavyorudi kwenye moja baada ya kumi na mbili, na sekta sifuri ndiyo inayobeba jedwali la patisheni. Wala balaa hilo haliji siku ya kwanza: diski hufanya kazi vyema miezi mingi, mpaka siku data ivukapo GB 137, ndipo faili jipya linapoandikwa juu ya mwanzo wa diski bila ya onyo. Kwa hiyo, diski ikiwa bado tupu, neno ALIFU liliandikwa katika sekta sifuri kwa programu ya dd, kisha neno YEE katika sekta 268,435,456. Kompyuta ikazimwa kabisa na kuwashwa upya, maana bila ya hivyo Linux ingeweza kujibu kutoka katika kumbukumbu yake na isiiguse diski. Sekta sifuri iliposomwa ilirudisha ALIFU, na ile ya mbali ikarudisha YEE. Hiyo ndiyo ithibati. Mstari wa kuwaka ulikuwa dai tu. Sekta ya mwisho, namba 312,581,807, nayo ilijaribiwa vivyo hivyo kabla ya kufomati.

Kwa wenye Windows, XP ilihitaji Service Pack 1, na Windows 2000 ilihitaji Service Pack 3 pamoja na kuwekewa katika rejistri thamani iitwayo EnableBigLba; Windows 98 haikupewa uwezo huo na Microsoft. Ikiwa diski kubwa ndiyo itakayowashia kompyuta, kadi ya PCI yenye BIOS yake yenyewe ni njia iliyo safi. Programu zinazojipachika katika sekta ya kwanza ili kuizunguka BIOS, mfano wa Ontrack Disk Manager, siziridhii, kwa sababu diski ikihamishiwa kompyuta isiyoipitia programu hiyo wakati wa kuwaka, patisheni zaweza zisionekane. Na anayewazia diski ya TB 3 atakutana na mpaka mwingine, wa jedwali la patisheni la MBR lenye biti 32, usiozidi baiti 2,199,023,255,552. Huo huvukwa kwa jedwali la GPT, ambalo Windows XP ya biti 32 haiwezi kulisoma.

Diski ya jumuiya ile imebandikwa karatasi inayotaja kiini cha Linux kilichotumika, pamoja na katazo la kuifunga katika kompyuta yoyote ambayo jaribio la ALIFU na YEE halijafanywa juu yake kwa diski nyingine iliyo tupu, yenye zaidi ya GB 137.