Kodi Iliandikwa, Kuzaliwa Hakukuandikwa

Aliyewahi kuhojiwa uraia wake Ngara au Biharamulo analijua swali linalofuata baada ya jina: babu yako alizaliwa wapi, na una karatasi gani? Tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita ikiwasaka wahamiaji wasio na vibali, swali hilo si la wapenda historia ya ukoo peke yao. Anayekwama hapo hulaumiwa kwamba kwao hawakutunza nyaraka. Lawama hiyo inampiga asiyehusika. Karatasi yenyewe haikuandikwa kamwe, na kutoandikwa kwake kulikuwa uamuzi wa serikali, tena uamuzi mbovu.

Uamuzi huo umo katika Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo ya 1920. Waingereza, wakiwa wametwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, waliwalazimisha Wazungu na Waasia kuandikisha kila mtoto azaliwaye na kila mtu afaye. Mwafrika aliachwa nje ya ulazima huo. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyepata mtoto alikuwa na wajibu kisheria wa kumwandikisha. Jirani yake Mhangaza au Mshubi aliyejifungua usiku uleule hakuulizwa na mtu. Hali ikabaki hivyo enzi yote ya ukoloni, hadi miaka ya 1960, baada ya Uhuru, ulazima ulipoanza kuwafikia Waafrika, wilaya baada ya wilaya.

Watetezi wa sheria hiyo husema kazi ilikuwa kubwa mno: watu wengi, nchi pana, makarani wachache. Hoja hiyo inavunjwa na serikali ileile. Mwaka 1922, miaka miwili tu baadaye, ilitunga sheria ya kodi ya nyumba na kichwa, na ghafla makarani wakapatikana. Kila nyumba ikafikiwa, kila mwanamume mtu mzima akaandikwa na kupewa stakabadhi. Ulipokuja utawala wa machifu chini ya sheria ya 1926, kazi hiyo ikasogea hadi kwa karani wa chifu, mtu aliyezijua familia moja moja. Kalamu ilikuwapo, daftari lilikuwapo, na njia ya kufika mlangoni ilikuwapo. Safu moja zaidi ya watoto waliozaliwa mwaka ule ingetosha. Haikuongezwa. Ndiyo maana daftari la kodi linamtoa babu akiwa tayari mtu mzima, bila mama, bila dada, bila mwaka wa kuzaliwa.

Nao Waingereza hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Kwao, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Usajili wa serikali ukaanza 1837, na sensa ya 1841 ikaandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Januari 2022 sensa yao ya 1921 ilifunguliwa baada ya miaka 100, na mjukuu wa mchimba makaa wa Durham sasa anasoma jina la babu yake, umri wake na kazi aliyofanya. Kwa Tanganyika, sensa za 1948 na 1957 zinampa msomaji jumla za makabila na wilaya. Babu amo humo ndani, ndani ya tarakimu.

Aliyeokoa jahazi ni padre. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, waliandika jina la ubatizo kwa Kilatini, baba, mama, msimamizi, mahali, siku na padre aliyebatiza. Kwa kalamu ya kuchovya na taa ya mafuta walifanya kazi ambayo boma halikuigusa, na hadi leo hakuna ofisi ya wilaya iliyomwandika mama wa mtu wa 1915 kwa uaminifu kama wao.

Tatizo ni jinsi vitabu hivyo vinavyosomwa. Safu hii imelisema mara nyingi na italisema tena: kumtafuta mtu wa Ngara kwa jina la ukoo, kama atafutwavyo Smith wa Yorkshire, ni kupoteza muda. Mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na la baba likabaki kwa baba. Anayetaka kufika aanze na jina la mama na la msimamizi, kisha ahamishe macho pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa ubatizo uleule, kwa hiyo binti aliyeolewa mbali hajapotea: parokia ya ndoa yake imetajwa palepale. Mtu mzima aliyebatizwa, umri wake ni wa kukadiria. Lakini agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadre hao, la miaka minne ya mafundisho linaonyesha alianza kufika misheni lini.

Mipaka nayo inadanganya. Bugufi, ambayo leo imo wilayani Ngara, ilikuwa sehemu ya Burundi hadi ilipokatwa na kuunganishwa na Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza. Anayetafuta ukoo wa huko asiishie kwenye vitabu vya Rulenge, upande wa Tanzania. Avuke hadi vitabu vya misheni kama Muyaga, iliyofunguliwa 1898, akijua kwamba hadi 1912 Burundi ilikuwa chini ya vikarieti ya Unyanyembe, yaani Tabora. Biharamulo, malale yaliwahamisha watu, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha tena, hivyo kijiji kilichoandikwa kitabuni huenda leo ni pori.

Kanuni ileile ya 1917 iliagiza nakala ya vitabu ipelekwe kila mwaka kwa askofu. Kitabu cha parokia kikiliwa na mchwa, pa kubisha hodi ni ofisi ya jimbo. Anayeandikisha kuzaliwa kwa kuchelewa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, humtaka ushahidi, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vinavyopokelewa. Serikali inamwomba paroko karatasi ambayo serikali iliyoitangulia, mwaka 1920, iliona haina haja ya kuiandika.